George Klein: Mhandisi aliyewarudishia mwendo waliopooza, na somo lake kwa mzazi mwenye kiti mwendo cha umeme

Mama mmoja wa Handeni alinisimulia kisa kilichonifanya nibadili mada niliyokuwa nimeipanga kwa wiki hii. Mwanawe ana miaka 14 na ana mtindio wa ubongo. Miguu haimbebi na mikono inamtii kwa shida, lakini akili yake iko timamu na anapenda sana kujua kinachoendelea nje ya uzio.

Mwaka jana ndugu yao anayeishi ng'ambo aliwaletea kiti mwendo cha umeme, kilichotumika lakini kizima. Nyumba nzima ilishangilia. Siku ya kwanza mtoto aligusa kijiti cha kuongozea, kiti kikaruka mbele kama pikipiki iliyoachiwa klachi ghafla, kikagonga mlango. Siku ya pili kilimgonga mdogo wake mguuni. Siku ya tatu baba alikisukuma hadi stoo, kikafunikwa, na kijana akarudi kubebwa mgongoni na mama yake. Tatizo ni kwamba kijana wa miaka 14 si mzigo wa mama tena. Mgongo wa mama ulishaanza kuuma, na baba alikuwa anatafuta mnunuzi wa kiti hicho huko Korogwe.

Swali la mama lilikuwa moja: je, mwanawe hawezi kuendesha kiti?

Kabla ya kumjibu, naomba msomaji twende mbali kidogo, hadi Canada, tukamwangalie mtu aliyekitengeneza kiti cha aina hiyo. Maisha yake ndiyo jibu lenyewe.

Kijana wa Hamilton

George Klein alizaliwa mwaka 1904 katika mji wa Hamilton, jimbo la Ontario. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Toronto, akamaliza mwaka 1928. Mwaka uliofuata aliajiriwa na Baraza la Taifa la Utafiti la Canada, mjini Ottawa, na hapo alikaa miaka 40 hadi alipostaafu mwaka 1969.

Kazi zake zilikuwa nyingi kiasi kwamba ni vigumu kuamini zote ni za mtu mmoja. Alishughulikia vyombo vya kupimia upepo unavyopita kwenye ndege. Alichunguza theluji na kutengeneza miguu ya kutelezea ili ndege ziweze kutua juu yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifanya kazi kwenye magari ya kijeshi ya kupita kwenye theluji. Mwaka 1945 alikuwa miongoni mwa waliosanifu mitambo ya ZEEP, kinu cha kwanza cha nyuklia kufanya kazi nje ya Marekani. Lakini kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa gia, yaani magurudumu yenye meno yanayopokezana nguvu. Alijua jinsi ya kuchukua nguvu kubwa na kuifanya itii polepole, bila kurukaruka. Kipaji hicho ndicho kilichokuja kuwafaa wagonjwa.

Wagonjwa ambao zamani hawakuishi

Kabla ya vita ile, mtu aliyevunjika uti wa mgongo hakutarajiwa kuishi muda mrefu. Wengi walikufa kwa maambukizi ya njia ya mkojo na figo, au kwa vidonda vya mgandamizo vinavyotokana na kukaa au kulala mahali pamoja. Penisilini na dawa nyingine za kuua bakteria zilipoingia hospitalini, pamoja na uuguzi bora, hali ilibadilika. Askari waliopigwa risasi mgongoni au shingoni walirudi nyumbani wakiwa hai.

Mmoja wa askari hao alikuwa John Counsell, aliyejeruhiwa katika shambulio la Dieppe, Ufaransa, mwaka 1942, akapooza miguu. Alipata kiti mwendo cha kukunja, cha aina iliyoanza kutengenezwa Marekani katika miaka ya 1930 na Herbert Everest, aliyekuwa amepooza, pamoja na rafiki yake mhandisi Harry Jennings. Counsell aligundua kwamba kwa kiti hicho anaweza kuingia kwenye gari na kurudi katika maisha ya watu. Akapigania askari wenzake nao wapewe. Mwaka 1945 yeye na wenzake walianzisha Chama cha Waliopooza cha Canada.

Lakini kiti cha kukunja kinahitaji mikono. Aliyeumia shingo, ambaye mikono nayo imedhoofika, alibaki akisubiri mtu wa kumsukuma. Kwa watu hao ombi likafika katika Baraza la Utafiti, na kazi akakabidhiwa Klein.

Mota mbili, kijiti kimoja

Wazo la kiti kinachoendeshwa na aliyekalia halikuwa jipya. Huko Nuremberg, Ujerumani, katikati ya karne ya 17, fundi saa aliyeitwa Stephan Farffler, ambaye hakuweza kutembea, alijitengenezea kigari cha magurudumu matatu alichokizungusha kwa mikono kupitia gia. Karne tatu baadaye kulikuwa tayari na watu waliojaribu kufunga mota kwenye viti. Shida ilikuwa ileile ya kijana wetu wa Handeni: viti vile havikuwa na nguvu ya kutosha, havikugeuka vizuri mahali pembamba, na havikumfaa mtu ambaye mkono wake ni dhaifu.

Klein hakuanza na mota. Yeye na wenzake walifanya kazi pamoja na madaktari na wagonjwa wenyewe, wakiangalia ni mwendo gani wa mwili uliobaki kwa kila mmoja. Kutokana na hapo walifanya mambo matatu ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kiti mwendo cha umeme.

Kwanza, walitumia umeme wa volti 24 badala ya 12, ili kiti kiwe na nguvu hata kikienda taratibu. Pili, kila gurudumu kubwa lilipewa mota yake. Magurudumu yote mawili yakienda sawa, kiti kinakwenda mbele. La kushoto likipunguza, kiti kinakata kushoto. Moja likienda mbele na jingine nyuma, kiti kinazunguka karibu palepale kilipo. Tatu, uongozi wote uliwekwa kwenye kijiti kimoja kidogo ambacho mkono dhaifu unaweza kukisukuma.

Mwaka 1955 Canada ilikikabidhi kwa Marekani kiti cha mfano kama zawadi, ili viwanda vya huko vipate pa kuanzia na wagonjwa wengi wafaidike. Mwaka 1956 kampuni ya Everest & Jennings ilianza kuuza viti vya umeme kwa wingi. Kiti kile cha mfano kilikaa Marekani miaka 50, kisha kikarudishwa Canada mwaka 2005, na sasa ni mali ya jumba la makumbusho la sayansi na teknolojia la Ottawa.

Klein hakuishia hapo. Alishiriki kutengeneza chombo cha kushonea mishipa midogo ya damu kwa pini wakati wa upasuaji. Alibuni antena inayokunjwa kama utepe na kujifungua yenyewe ikifika angani, nayo ilitumika kwenye Alouette 1, setilaiti ya kwanza ya Canada, mwaka 1962. Akiwa ameshastaafu, na umri umepita miaka 70, aliitwa tena awe mshauri wa gia za Canadarm, mkono wa mashine uliorushwa angani na chombo cha Marekani mwaka 1981. Alifariki dunia Ottawa mwaka 1992, akiwa na miaka 88. Nchini kwake wengi humtaja kama mvumbuzi mkubwa kuliko wote wa karne ya 20.

Kiti ndicho kinachomfuata mtu

Sasa turudi Handeni. Ukiangalia kazi ya Klein, utaona kwamba hakumtaka mgonjwa afanane na kiti. Alikirekebisha kiti kifanane na mgonjwa. Viti vya leo vimerahisisha kazi hiyo, kwa sababu ndani ya kisanduku cha kijiti kuna kompyuta ndogo inayopokea amri za mkono na kuzipeleka kwenye mota. Kompyuta hiyo ina mipangilio ambayo mtaalamu anaweza kuibadilisha kwa kifaa maalumu.

Kiti kilicholetwa kutoka ng'ambo kimekuja na mipangilio ya mtu mwingine. Huenda alikuwa mtu mzima mwenye mkono thabiti, aliyeendesha kwenye sakafu laini na barabara za lami. Kumpa mtoto mwenye misuli inayokaza kiti hicho bila kukirekebisha ni sawa na kumvisha viatu vya baba yake halafu kumlaumu akijikwaa.

Yafuatayo ni mambo ambayo mzazi anapaswa kuyajua. Si ili afungue kisanduku mwenyewe, bali ili aweze kumweleza mtaalamu anachokiona.

1. Mkao kwanza. Mtoto anayeinama upande mmoja anakivuta kijiti bila kukusudia. Nyonga zikae nyuma kabisa ya kiti, mgongo uegemee, miguu ikanyage. Kiwiko kiwe na pa kupumzikia, na kijiti kiwe pale mkono unapofika bila kunyooshwa. Kijiti kinaweza kuhamishiwa mkono wa kushoto au kuwekwa katikati, na kichwa chake kubadilishwa kiwe mpira au umbo jingine linaloshikika.

2. Magurudumu. Kiti kinachovuta kushoto kila mara huenda kina upepo mdogo kwenye tairi la kushoto, au gurudumu dogo limesongwa na nyuzi na nywele. Kagua haya kabla ya kumlaumu mtoto au kompyuta.

3. Kasi ya kwenda na kasi ya kukata kona. Hivi ni vitu viwili tofauti, na kila kimoja hupangwa peke yake. Anayeanza apewe kasi ndogo mbele, ndogo zaidi nyuma, na ndogo sana kwenye kona. Makosa mengi ya kugonga milango hutokea kwenye kona.

4. Namna ya kuondoka. Kiti kinachoruka kimepangiwa kuondoka kwa ghafla mno. Lakini kikipunguzwa kupita kiasi kuna shida nyingine: mtoto anasukuma, haoni kitu, anasukuma zaidi, kisha kiti kinaondoka wakati ameshakata tamaa. Mwendo mzuri ni ule ambao kiti kinajibu mara moja, ila kwa upole.

5. Namna ya kusimama. Kikichelewa kusimama kitateleza hadi ukutani. Kikisimama kwa kishindo, mtoto asiye na nguvu ya kiwiliwili anatupwa mbele, mkono wake unakigonga kijiti tena, na kiti kinaruka upya. Wazazi wengi wakiona hivyo hudhani mtoto anafanya fujo.

6. Mtetemeko wa mkono. Viti vingi vina mpangilio wa kuchuja mitikisiko midogo ili kiti kifuate nia ya mkono na si kutetemeka kwake. Ukizidishwa unakifanya kiti kichelewe kujibu, hivyo uongezwe kidogo kidogo.

7. Umbali wa kusukuma kijiti. Mtoto ambaye mkono wake unasogea kidogo tu anaweza kupangiwa kijiti ambacho msukumo mdogo unatosha. Kwa mwenye mkono usiotulia, katikati ya kijiti pawe na nafasi ambayo kuguswa kidogo hakukiamshi kiti.

8. Nguvu. Ukipunguza kasi bila kuangalia nguvu, kiti kitakwama kwenye kizingiti au kwenye mchanga. Mtoto atasukuma kwa hasira, kisha kitajinasua kwa kuruka. Hii ndiyo sababu Klein alitaka volti 24.

9. Mipango zaidi ya mmoja. Viti vingi vinaweza kutunza mpango wa ndani ya nyumba na mwingine wa nje. Mtoto au mzazi anabonyeza kitufe tu kuchagua.

Utaratibu wa kurekebisha ni mmoja: andika mpangilio wa awali kwenye daftari, badili kitu kimoja tu, mwache mtoto aendeshe kwa dakika chache mahali wazi, kisha muulize. Ukibadili vitu vitano kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia. Asiyeweza kusema, mwangalie uso na mabega. Akiwa na hofu mabega hupanda na misuli hukaza zaidi.

Ardhi yetu na umeme wetu

Kuna mambo ambayo Klein hakuyapanga kwa ajili yetu. Wakati wa masika udongo huwa utelezi, na wakati wa kiangazi kuna vumbi na mchanga ambao magurudumu madogo ya mbele huzama. Ndani ya mji wa Korogwe utapata lami, lakini njia ya kuingia nyumbani mara nyingi ni ya udongo na ina mtaro. Kwa hiyo mpango wa nje upimwe palepale mtoto anapopita, si kwenye sakafu ya hospitali pekee. Ubao imara juu ya mtaro au simenti kidogo mlangoni unaweza kusaidia kuliko marekebisho mengi ya kompyuta.

Usimwache mtoto aendeshe peke yake karibu na barabara kuu. Kiti cha umeme kinaweza kuzidi kilo 50 na hakisimami kama mtu anavyosimama. Kwenye mteremko, usiguse vile vishikio vya kuachia mota ili kiti kisukumwe kwa mkono, kwa sababu vikiachiwa kiti hakina breki tena. Mvua ikinyesha, kisanduku cha kijiti kifunikwe kwa mfuko wa plastiki.

Kuhusu betri, viti vingi hutumia mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata 24. Betri ya kuwashia gari haifai kuwa mbadala. Imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, na ikitumiwa hadi iishe kila siku huharibika haraka. Chaji kila usiku kwa chaja ya kiti hicho, mahali penye hewa. Umeme ukikatika mara kwa mara, usingoje betri iishe ndipo uchaji. Betri iliyochoka pia huharibu uongozaji: kiti huanza vizuri asubuhi, jioni kinajibu kwa kusitasita.

Na kiti kizuri namna gani hakiondoi vidonda vya mgandamizo. Msaidie mtoto kubadili mkao au kujiinua kila baada ya nusu saa hivi, na kagua ngozi ya makalio kila jioni. Ukiona wekundu au weusi usioondoka, muone mhudumu wa afya mapema.

Wapi pa kuanzia

Anza na hospitali iliyo karibu: ya wilaya kwa walio Handeni, au Magunga kwa walio Korogwe. Ueleze tatizo na uombe rufaa ya huduma za utengamao, kwa mfano Hospitali ya Bombo iliyopo Tanga. Kule Moshi, ndani ya KCMC, kipo chuo cha TATCOT, kilichoanza mwaka 1981, ambacho hufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi. Dar es Salaam ipo CCBRT. Kabla ya kusafiri na kiti kizito, piga simu uulize kama wanaweza kuhudumia kiti cha umeme cha aina yako, na uwe na jina la kampuni na namba iliyoandikwa chini ya kiti.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa huduma za viti mwendo mwaka 2008, lilitaja hatua nane, kuanzia rufaa hadi ufuatiliaji na matengenezo. Kukabidhiwa kiti ni hatua moja tu kati ya hizo. Kupimwa, kurekebishiwa kiti na kufundishwa kukitumia ni haki ya mtoto sawa na kiti chenyewe.

Mama wa Handeni alikubali kumwomba mumewe asiuze kwanza. Walikipeleka kiti kwa mtaalamu. Kilichobadilishwa hakikuwa kingi: kijiti kilisogezwa karibu na mkono, kona ikapunguzwa kasi, kuondoka kukalainishwa, na mto ukawekwa ubavuni ili asiinamie upande. Mara ya mwisho tulipozungumza, kijana alikuwa anatoka barazani hadi kwenye mwembe na kurudi, mara kadhaa kwa siku. Bado hugonga fremu ya mlango wa jikoni. Baba amekata kipande cha tairi la zamani na kukipigilia hapo.

Basi jibu la swali la mama ni hili: mzazi, usiseme mtoto hawezi mpaka uwe umehakikisha kiti kimerekebishwa kwa ajili yake.